Uungwana Uwanjani ni Kazi ya Anayepanga Ligi

Kila mwisho wa wiki, viwanja vya shule na vya mitaa, Dar es Salaam hadi Mwanza, Mombasa hadi Nairobi, hujaa watu wazima waliokuja kucheza. Wamo maveterani waliotundika daluga zamani wakazishusha tena, wamo wafanyakazi wa ofisi moja wanaowakabili wa ofisi nyingine, wamo mafundi, madereva, walimu na wachuuzi wa soko moja. Hakuna anayelipwa mshahara wa kucheza, wala hakuna anayesubiri kusajiliwa na klabu kubwa. Wamekuja kutoa jasho, kutaniana na kunywa supu pamoja. Hata hivyo si ajabu bonanza lililoanza kwa kupeana mikono likaishia kwa refa kuzingirwa, ngumi kurushwa na timu moja kususia fainali. Likishatokea hilo, maelezo huwa tayari kabla hata vumbi halijatulia: fulani ni mkorofi, ndivyo alivyo tangu zamani. Watu hukumbushana kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, mkorofi hupewa onyo au hufukuzwa, na Jumamosi inayofuata ligi huendelea kwa mpangilio ule ule uliozaa ugomvi.

Imani iliyomo ndani ya maelezo hayo ndiyo ninayoipinga. Inadai kwamba uungwana wa michezo ni tabia ya mtu binafsi: ama alilelewa nao, ama hakulelewa nao. Kwa imani hiyo, dawa ni mbili tu, yaani mawaidha kabla ya mechi na kufukuza watu baada ya mechi. Nasema imani hii ina makosa, na madhara yake ni makubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu inawaondolea lawama wale hasa wenye uwezo wa kubadili mambo. Katika ligi ya watu wazima wanaocheza kwa kujifurahisha, uungwana unategemea zaidi zawadi inayoshindaniwa, ratiba, usajili wa wachezaji, ulinzi wa refa na aina ya adhabu. Yote hayo huamuliwa na watu wachache wanaokaa mezani wiki kadhaa kabla ya mpira kuwekwa katikati. Hao ndio wanaopaswa kuulizwa kwanza ugomvi unapotokea.

Imani hii hudumu kwa sababu ina chembe ya ukweli. Kila uwanja una mtu wake anayejulikana kwa kelele, rafu na hasira. Lakini mfuatilie mtu wa namna hiyo nje ya uwanja. Mara nyingi utamkuta ni mweka hazina wa kikoba anayeaminiwa na wanachama wote, au mjumbe wa kamati ya harusi anayemeza maneno makali ya upande wa pili bila kuinua sauti. Jumapili alfajiri anakimbia na kikundi chake cha mbio za pole, anapitwa na vijana, anapitwa na wazee, na wote wanafika wakicheka. Wahenga walisema tabia ni kama ngozi. Kama ukorofi wa mtu huyu ungekuwa ngozi, angekwenda nao kikobani, harusini na barabarani. Ngozi haivuliwi mlangoni. Tukiona hasira inamvaa mtu kwenye nusu fainali tu, akili inatuelekeza kuuliza kuna nini kwenye nusu fainali.

Swali hilo liliwahi kuchunguzwa kwa njia ya kukumbukwa. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif, mzaliwa wa Uturuki aliyefanya kazi Marekani, aliwakusanya wavulana 22 wa umri wa miaka 11 hivi kwenye kambi ya Robbers Cave katika jimbo la Oklahoma. Walichaguliwa kwa makusudi wawe watoto wa kawaida, wasio na historia ya utukutu, wenye malezi yanayofanana. Waligawanywa makundi mawili yaliyokaa mbalimbali, kisha wakakutanishwa kwenye mashindano ya besiboli, kuvuta kamba na michezo mingine. Washindi waliahidiwa kombe, medali na visu vya mfukoni, ilhali walioshindwa wasingepata chochote. Baada ya siku chache tu makundi hayo yalikuwa yakitukanana, yakichomeana bendera na kuvamiana mabwenini. Sherif alipobadili mpangilio, akawapa kazi ambazo kundi moja lisingeziweza peke yake, kama kutafuta hitilafu ya maji ya kambi au kuvuta lori lililogoma kuwaka, uadui ulianza kuyeyuka. Lori hilo walilivuta kwa kamba ile ile waliyokuwa wakivutania. Watoto hawakubadilika tabia kati ya wiki ya pili na ya tatu. Kilichobadilika ni kile walichopangiwa kufanya.

Kuna anayeweza kusema kwamba jaribio hilo lina dosari, na ni kweli. Gina Perry, katika kitabu chake cha mwaka 2018, alionyesha jinsi watafiti walivyochochea mambo badala ya kutazama tu. Lakini alichokifukua kinaikaza hoja yangu. Mwaka mmoja kabla, 1953, Sherif alikuwa amejaribu jambo hilo katika jimbo la New York, na akashindwa. Safari ile wavulana walikuwa wamepewa nafasi ya kuzoeana wote kwanza, ndipo wakagawanywa. Walipochokozwa wagombane, waliwashuku watu wazima waliokuwa wakiwachochea, wala hawakugeukana. Kwa hiyo tuna mpangilio mmoja uliozaa bendera zilizochomwa, na mwingine uliozaa urafiki usiovunjika hata kwa uchochezi. Na ikiwa wachochezi wachache waliweza kuwapandisha watoto hasira, basi tumezidi kuthibitisha kwamba waandaaji wana nguvu kubwa juu ya yale yanayotokea uwanjani.

Tazama sasa tunavyopanga mabonanza yetu. Kwanza ni zawadi. Bingwa anaondoka na ng'ombe, wa pili na mbuzi, na waliobaki wanaondoka mikono mitupu. Pale ambapo mnyama huyo amenunuliwa kwa viingilio vya timu zote, kila aliyeshindwa anajua kwamba amechangia nyama ya mwenzake. Pili ni ratiba. Mashindano mengi ya siku moja huendeshwa kwa mtoano, kwa kuwa ndiyo njia ya haraka ya kumpata bingwa. Piga hesabu: timu 16 zikicheza mtoano, timu 8 zinaaga baada ya mechi moja. Kila timu ikiwa na watu 15, watu 120 wameamka alfajiri, wamelipa nauli na wamevaa jezi kwa ajili ya mechi ya dakika 40, pengine chini ya hapo, na wengine kati yao hawakuinuka benchini. Katika mpangilio huo penati moja yenye utata inabeba siku nzima ya mtu. Timu hizo hizo zikiwekwa kwenye makundi manne ya timu nne nne, kila mmoja ana uhakika wa mechi tatu, na anayeonewa saa tatu asubuhi anajua kuwa saa tano atacheza tena. Hasira hupungua bila mtu yeyote kuhubiriwa.

Tatu ni usajili. Ng'ombe anapokuwa ndiye kiini cha siku, kapteni hupiga simu usiku wa kuamkia mechi kumtafuta kijana wa miaka 22 anayecheza ligi ya mkoa. Mzee wa miaka 48 aliyetoa mchango wake kila mwezi anaambiwa asubiri kidogo, na kusubiri huko kunaendelea hadi filimbi ya mwisho. Wapinzani wanamwona mamluki, wanalalamika, hakuna daftari la kuthibitisha lolote, na kuanzia hapo kila uamuzi wa refa unaonekana umepangwa. Nne ni refa mwenyewe. Ameombwa asubuhi ile ile, posho yake haijulikani itatoka wapi, na silaha zake mbili hazifanyi kazi. Kadi ya njano haiogopwi na mchezaji wa bonanza, kwa kuwa pengine hakuna mechi ijayo ya kumgharimu. Kadi nyekundu anaiogopa refa mwenyewe, kwa kuwa hakuna wa kumlinda akishaitoa. Weka hayo manne pamoja, kisha niambie ni tabia gani ya malaika ingeyastahimili.

Ushahidi kwamba kanuni huweza kutuliza vichwa umekwisha kupatikana kwenye viwanja vya watu wa kawaida. Chama cha Soka cha England kilifanya majaribio katika ligi 31 za ngazi ya chini kuanzia msimu wa 2017/18. Mchezaji aliyembishia refa kwa maneno au kwa ishara hakuishia kupewa kadi tu, bali alitolewa nje kwa dakika 10, akasimama pembeni akiwatazama wenzake wakihangaika pungufu, kisha akarudi. Vitendo vya kumbishia refa vilipungua kwa asilimia 38, na kuanzia msimu wa 2019/20 utaratibu huo ukatandazwa kwenye soka la chini nchini humo. Wachezaji walikuwa wale wale. Hawakupelekwa semina, hawakubadilishiwa wazazi. Walipewa adhabu ndogo, ya papo hapo, inayowaumiza wenzao machoni pao, na ambayo refa hakuogopa kuitoa kwa sababu haimfungii mtu siku nzima. Hata kwenye soka la juu kabisa, katika fainali za Mataifa ya Ulaya za mwaka 2024 huko Ujerumani, waamuzi waliruhusu kapteni peke yake kwenda kuuliza maelezo ya uamuzi. Ikiwa wachezaji wanaolipwa mamilioni wanaweza kupangiwa nani aseme na refa, wachezaji wa bonanza la Jumamosi wanaweza pia.

Mfano mkubwa zaidi ni mchezo uitwao Ultimate, ambao timu mbili hurushiana kisahani cha plastiki na kufunga kwa kukidaka ndani ya eneo la mwisho la wapinzani. Ulianzishwa mwaka 1968 na wanafunzi wa shule ya sekondari ya Columbia huko Maplewood, New Jersey. Kwa desturi hauna refa, hata kwenye mashindano ya dunia. Mchezaji aliyechezewa rafu hutangaza mwenyewe, aliyetuhumiwa hukubali au hupinga, na wasipoafikiana kisahani hurudishwa kilipotoka. Kwa mtu anayeamini kwamba uungwana ni suala la kuzaliwa nao, mchezo wa namna hiyo ulipaswa kusambaratika siku ya kwanza. Umedumu kwa sababu umejengewa utaratibu. Baada ya mechi timu hukaa duara moja na kuzungumza. Kisha kila timu huipa nyenzake alama katika vipengele vitano: kujua na kutumia kanuni, rafu na kugusana miili, kutenda haki, kujitawala na moyo mwema, na mawasiliano. Kila kipengele kina alama 0 hadi 4, na 2 ndiyo ya kawaida. Timu iliyoongoza kwa alama hizo hupewa tuzo yake mbele ya watu wote. Mchezaji anajua kwamba atakayempima ni yule yule anayemkaba sasa. Huo ni uungwana uliopimwa, ukaandikwa na ukapewa heshima, kwa hiyo watu wanaushindania kama wanavyoshindania mabao.

Na soka la kutembea? Lilianza Chesterfield, Uingereza, mwaka 2011, kwa ajili ya watu wenye umri wa miaka 50 na kuendelea. Kanuni yake kuu ni moja: anayekimbia amefanya kosa, na mpira anapewa mpinzani. Kanuni hiyo inamnyima mwenye mbio na misuli nafasi ya kuwatisha wengine. Kinachobaki ni pasi, akili na mahali pa kusimama. Mzee aliyefanyiwa upasuaji wa goti anaweza kucheza na aliyewahi kuwa winga hodari, na mechi ikawa na mvuto kwa wote wawili. Sheria za soka zenyewe zinaruhusu ligi za maveterani na za burudani kubadili ukubwa wa uwanja, muda wa mchezo na idadi ya mabadiliko, hata mchezaji aliyetoka kurudi tena. Ruhusa ipo. Ni waandaaji wanaong'ang'ania kuiga ligi kuu, kana kwamba mtu wa miaka 50 anayefungua duka lake saa kumi na mbili asubuhi ni mchezaji wa kulipwa.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kujifunza kwamba ushindani unaweza kupangwa usidhuru. Sisi tuna utani. Wangoni na Wahehe walipigana vita katika karne ya 19, na leo ni watani. Mtani anaweza kukukejeli mbele za watu, kukuchukulia kitu chako, hata kufanya vichekesho kwenye msiba wako, na kanuni inakataza kukasirika. Mtani huyo huyo ana wajibu wa kufika kwenye shida yako na kufanya kazi. Waliounda utaratibu huo hawakusubiri Wangoni na Wahehe wazaliwe wapole. Waliwawekea mipaka ya yanayoruhusiwa, aibu kwa anayekasirika na wajibu wa kusaidiana. Simba na Yanga zimeitwa watani wa jadi kwa miongo mingi, na mashabiki wao mtaani hukejeliana kutwa nzima kisha wakakopeshana fedha, kwa kuwa mipaka ya utani kila mtu anaijua. Urithi huo tunautumia kwenye vijiwe vya kahawa, lakini tunapoandaa ligi tunauacha nje ya uwanja.

Pingamizi la kwanza nitakaloletewa ni kwamba bila zawadi nono na ushindani mkali mchezo haunogi, na watu hawatakuja. Nakubali nusu yake. Mchezo usio na ushindani ni mazoezi ya viungo, na kuna watu wengi, nami ni mmoja wao, wanaotaka kuona mabao yakihesabiwa na msimamo ukibandikwa ubaoni. Lakini utamu wa ushindani unatokana na kutojua nani atashinda. Mechi ya 3 kwa 2 inakumbukwa mwaka mzima, ya 9 kwa 0 inawachosha hata walioshinda. Mamluki na zawadi ya kubeba-yote huua utamu huo, kwa kuwa huikusanya nguvu yote upande mmoja. Gofu ilitatua jambo hili zamani kwa kumpa mchezaji dhaifu mapigo ya nyongeza kulingana na kiwango chake, ili aweze kumkabili bingwa na matokeo yasijulikane mapema. Anayetaka kupima kikomo cha uwezo wake ana mahali pa kwenda: ziko ligi za wilaya na mikoa, na hapo Dar es Salaam lipo Ndondo Cup, linaloujaza uwanja na kuwatangaza wachezaji wa mchangani. Mashindano hayo yana kazi yake, na nayaheshimu. Kosa ni kuchukua vipimo vyake na kuvibandika kwenye ligi ya watu waliokuja kucheza ili Jumatatu waamke wakiwa wazima.

Pingamizi la pili linasema sisi ni watu wazima, hatuhitaji kupangiwa kama watoto. Utu uzima ndio unaozidisha haja ya mpangilio. Mtoto akivunjika mguu, mama atamuuguza na chakula kitapikwa. Dereva wa bodaboda akivunjika, nyumba nzima inakosa riziki kwa miezi mitatu. Kukatika kwa kano kubwa ya kisigino huwapata sana wanaume wa miaka 30 hadi 50 wanaocheza mwisho wa wiki tu, hata pasipo rafu ya mtu. Ukiongeza rafu ya makusudi juu ya mwili wa namna hiyo, umegusa ada za shule na kodi ya pango. Anayesema hasira za uwanjani huishia uwanjani akumbuke yaliyotokea Almere, Uholanzi, Desemba 2012. Richard Nieuwenhuizen, mzazi aliyejitolea kushika kibendera kwenye mechi ya vijana, alipigwa baada ya mechi na kufariki siku iliyofuata. Miongoni mwa waliotiwa hatiani na mahakama alikuwamo mtu mzima mmoja, baba wa mchezaji. Mechi za ridhaa nchi nzima zilisitishwa wikiendi iliyofuata. Tukio kubwa kama hilo ni nadra, lakini njia ya kulifikia huanza na refa asiyelindwa.

Wa tatu ataniambia kwamba watu wakorofi kweli wapo, na hakuna kanuni itakayowabadili. Wapo, sikatai, na wengine lazima waondolewe. Lakini hata kumwondoa mtu kwa haki kunahitaji mpangilio: kanuni iliyoandikwa kabla ya msimu, kumbukumbu ya makosa yake, kamati isiyo na timu ndani ya shauri hilo. Bila hayo, kufukuzana kunakuwa ugomvi mwingine, ambao mwenye marafiki wengi ndiye anayebaki. Tena ligi iliyopangwa vizuri humfichua mkorofi mapema, kwa sababu hawezi kujificha ndani ya zogo la jumla. Anayetolewa nje dakika 10 mechi tatu mfululizo ilhali wengine wote wanacheza kwa amani amejitambulisha mwenyewe.

Gharama kubwa zaidi ya imani ninayoipinga haionekani kwenye ugomvi. Inaonekana kwa watu wanaoacha kuja bila kuaga. Mgomvi hubaki, kwa sababu mpangilio unampendelea. Wanaotoweka ni mgeni aliyezomewa alipokosa pasi ya kwanza, mwanamke aliyekuja kwenye mpira wa wavu wa mchanganyiko akanyimwa mpira seti nzima, mzee wa kisukari aliyeambiwa na daktari atoe jasho, refa aliyetukanwa akaapa hatashika filimbi tena. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani, yaani watu bilioni 1.8 hivi, hawakufikia kiasi cha kutosha. Zanzibar imeifanya tarehe 1 Januari kuwa siku ya bonanza la mazoezi. Tanzania Bara, kampeni iliyozinduliwa Desemba 2016 ilitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Jitihada hizo zinawaita watu watoke nyumbani, na ligi ya mtaa iliyopangwa vibaya inawarudisha kwenye makochi wale wale waliohitaji zaidi kutoka.

Mabadiliko ninayoyataka hayahitaji mdhamini mkubwa. Timu zote zikutane kabla ya msimu, zizoeane, zisomewe kanuni na kuweka sahihi. Daftari la wachezaji lifungwe siku hiyo, na asiyemo asicheze. Posho ya refa ikatwe kwenye viingilio na akabidhiwe mkononi kabla ya filimbi ya kwanza. Kapteni peke yake aseme na refa, na anayebisha atoke dakika 10, au 5 kwa mechi fupi. Kila aliyevaa jezi acheze angalau nusu ya mchezo, na mabadiliko yawe huru. Baada ya mechi, timu zipeane alama za uungwana, na alama hizo ziingie kwenye msimamo pamoja na za ushindi, ili timu katili isiweze kuwa bingwa hata ikifunga mabao mengi. Na ng'ombe achinjwe, aliwe na wote, bingwa akibaki na kombe na haki ya kuwatania wenzake hadi msimu ujao. SHIMIWI, shirikisho la michezo ya wizara na idara za serikali, tayari linaweka kuvuta kamba, netiboli, bao, drafti na karata pamoja na soka. Bonanza la mtaa nalo linaweza kumpa nafasi mtu ambaye goti lake limekataa mpira lakini mkono wake haujakataa kete.

Msemo kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani ni wa kweli, ila umekuwa ukimtwisha aliyeshindwa mzigo wote. Anayempangia mtu kushindwa kwa mamluki, chini ya refa asiye na ulinzi, katika mechi moja iliyobeba siku yake nzima na mchango wake wa mwezi, hana haki ya kumhubiria uvumilivu. Kamati za ligi zipimwe kwa kazi yao. Siku ya fainali, kabla ya kombe kuinuliwa, kamati isome mbele ya wote majina ya waliojiandikisha wiki ya kwanza, na ieleze wangapi bado wanacheza. Ikiwa nusu yao hawapo, kamati ijibu ni mpangilio upi uliowaondoa, na kanuni ipi itabadilishwa kabla ya msimu mwingine kuanza.